Siku moja maabara: panya, nguruwe na mishipa midogo ya moyo

Saa 1 asubuhi. Tunachunguza ugonjwa wa mishipa midogo ya moyo, unaoleta maumivu ya kifua. Tunaanzia kwenye vizimba, kabla jua la Dodoma halijachemsha paa. Kipimajoto kisome kati ya nyuzi 20 na 24. Tunapima uzito wa kila panya na wa chakula alichobakiza. Panya wa Dahl, ambao chumvi huwapandisha presha, hula chakula chenye chumvi asilimia 8. Wa kulinganishwa nao hula asilimia 0.3. Maji ya bomba huku yana chumvichumvi, kwa hiyo wote hunywa yaliyoondolewa chumvi. Bila hivyo, hata kundi la pili linalishwa chumvi.

Saa 3. Ultrasaundi, na hapa ndipo wengi hukwama. Mishipa tunayoitafuta haifiki nusu milimita kwa upana, haionekani kwenye picha ya kawaida ya mishipa ya moyo. Kwa hiyo tunapima kasi ya damu kwenye ateri ya kushoto ya moyo, kwanza moyo ukiwa umetulia, kisha mishipa ikiwa imetanuliwa kwa dawa ya adenosini, na kugawanya ya pili kwa ya kwanza. Kwa binadamu, jibu chini ya 2 linatia wasiwasi. Shida ni nusukaputi: isoflureni yenyewe hutanua mishipa ya moyo. Ukianza na asilimia 2.5, mshipa umeshafunguka, adenosini haina cha kuongeza, na panya mwenye afya anasomeka mgonjwa. Anza na asilimia 1, mwili uwe nyuzi 37, andika na mapigo pia.

Panya wadogo wa db/db, wanene wenye kisukari, ni rahisi kufuga. Ila wanaugua kwa sababu ya jeni moja iliyoharibika, na moyo wao hupiga mamia ya mara kwa dakika. Binafsi siwategemei peke yao.

Saa 6 mchana. Unafika moyo wa nguruwe kutoka machinjioni, kwenye barafu, ndani ya maji ya Krebs, yaani maji yenye chumvi na sukari kama ya mwilini. Mishipa yake inafanana sana na ya mtu. Tunakata pete ya mshipa ya milimita 2, tunapitisha nyaya mbili nyembamba, tunaiweka kwenye nyuzi 37 huku gesi ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi 5 ikipita. Waya ukikwaruza utando wa ndani, umeutengeneza ugonjwa kwa mkono wako. Kisha tunapima kama utando huo bado unaulegeza mshipa. Na jihadhari: asetilikolini, kemikali ya kipimo hicho, hulegeza mshipa wa panya, lakini ule wa moyo wa nguruwe huukaza. Kwa nguruwe tumia kemikali nyingine, bradikinini.

Saa 9. Vipande vya moyo vya unene wa mikroni 5 (elfu tano za milimita), vilivyokatwa kukingama nyuzi za misuli. Hesabu kapilari, mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote, kwa kila seli, si kwa eneo tu, maana seli zikinenepa kapilari huonekana zimepungua hata kama zipo zote.

Saa 11 jioni. Tunapanga makundi ya kesho, majike na madume. Maumivu ya kifua ya aina hii huwasumbua sana wanawake, na jaribio la madume pekee silikubali hata likiwa nafuu.