Kimo cha Eliabu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko letu wiki hii ni 1 Samweli 16:7: "Usimtazame uso wake, wala urefu wa kimo chake." Nabii Samweli, aliyetumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya, alipomwona tu Eliabu, mwana wa kwanza wa Yese, moyoni alikuwa ameshammiminia mafuta.

Nasi wa Dar tulimfanyia hivyo kijana wetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa jiji hili, kimo mita 2.21, alichaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Vijiweni tulishangilia hata tusiojua kikapu kinahesabiwaje. Kabla msimu wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ya chini, Dakota. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City. Mwaka 2014 akauzwa Philadelphia, wakamwacha. Vijiwe vilevile vikageuka: "Yule si alifeli?" Na msemaji mwenyewe hajawahi kufika hata kiwanja cha kikapu cha JMK pale Kidongo Chekundu!

Wengi hadithi wanaikatia hapo. Lakini mwaka 2017 alikuwa Japani, Yokohama. Akarudi tena ligi ya chini Marekani, kisha Taiwan, umri umeshapita 30. Maisha ya wachezaji wa kuhamahama si mchezo. Huko NBA upo mkataba wa siku 10: zikiisha, unaongezewa au unaambiwa asante, kwaheri. Nyumba hupangi, shule ya mtoto hutafuti. Na asubuhi mazoezini unatakiwa uruke kama mwenye mkataba wa miaka mitano.

Sasa mrudieni Eliabu, maana huwa tunamwacha mlangoni kwa Yese. Sura ya 17 yuko vitani pamoja na Sauli. Ufalme kaukosa, na mdogo wake Daudi kapakwa mafuta mbele ya macho yake, lakini hakususa. Kabeba silaha kaenda. Mimi hapo nampa heshima yake. Ila soma mstari wa 28: Daudi anafika kambini, na Eliabu anawaka hasira, anamuuliza wale kondoo wachache amemwachia nani. Kumbe kazini alikwenda, na uchungu akaubeba.

Moyo wa Hasheem anaujua Mungu. Mimi nawaza ya kwetu: mlinzi aliyebadilishiwa kampuni mara ya tatu, mwalimu wa shule binafsi asiyejua kama Januari atarudi, dada wa benki aliyepunguzwa akaanza upya kaunta ya duka la dawa. Wanaamka alfajiri, wanagombania daladala, wanafika. Je, ndani wanaendelea kumhesabia aliyepewa kiti chao?

Kwenye jumuiya wiki hii tuwaombee waliosimamishiwa mikataba. Wapo kati yetu. Jumapili wanakaa viti vya nyuma na kutoka kabla ya matangazo, wasikutane na lile swali letu la getini: "Siku hizi uko wapi?"