Pizza ya Nsambya na tanuri la matofali

Unga tunaokanda kwenye bekari yetu Bukoba umeandikwa Azam, na gunia nililolikuta nyuma ya tanuri la pizza Nsambya, Kampala, nalo limeandikwa Azam. Bakhresa ana kinu chake Uganda siku nyingi. Kwa hiyo nilivuka mpaka, nikagongewa muhuri, nikabanwa kwenye basi na magunia ya watu, halafu nikapokewa na unga wa nyumbani.

Si unga ulionipeleka, ni tanuri. Wenzangu kwenye ushirika wamekuwa wakibishana kama tununue oveni ya umeme au tujenge tanuri la kuni litakalooka mikate alfajiri na jioni litoe kitu cha kuwauzia vijana. Mimi nilikuwa upande wa kuni. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi umeishi kwa umeme wa kununua Uganda, ukikatika huko na sisi tunawasha mishumaa. Mwokaji aliyewahi kutupa kinyunya cha magunia mawili kwa sababu ya giza hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini mikate peke yake hailipi siku hizi, na mtu mmoja kikaoni akasema nendeni Kampala mkaone wenzenu wanavyofanya na pizza. Nikanyoosha mkono.

Novemba ndiyo msimu wa senene, na barabara ya Mutukula kwenda Masaka usiku huwa inawaka. Watu wamesimamisha mabati wima juu ya mapipa, wamening'iniza taa kali, mdudu akija kwenye mwanga anagonga bati na kuteleza ndani ya pipa. Mchana utaona mapipa matupu tu na akina mama wamekaa kando wakiwanyonyoa mbawa na miguu, wakiwauza kwa kikombe cha plastiki. Sisi Wahaya kwa senene hatuna nidhamu. Nilinunua waliokaangwa kabla hata sijauliza bei ya kikombe cha pili.

Lukaya walituingizia mishikaki na ndizi gonja za kuchoma madirishani, Kayabwe tukaipita Ikweta bila dereva kupunguza mwendo, na Kampala ikatupokea na foleni yake. Sina la kuongeza kuhusu foleni ya Kampala.

Nilianzia juu, Kololo. Mtu akisema pizza Kampala, wengi watakuelekeza huko Acacia Avenue, kwa mikahawa kama Mediterraneo, au Muyenga kwenye kile kilima cha tangi la maji. Ni chakula kizuri, sitadanganya. Kinyunya kimeachwa kuumuka polepole, ukingo una malengelenge yaliyoungua kidogo, jibini haikuzidi. Ila mkahawa wa hadhi hiyo, pizza moja haikosi 35,000 za Uganda au zaidi, na mezani utawaona watu wa mashirika, mawakili vijana na familia iliyokuja kukata keki ya mtoto. Muuza nguo wa soko la Owino hafiki huko, wala hana haja ya kufika.

Nadhani hapo ndipo pizza ilipoingilia mlango usio wake. Kule Napoli, Italia, ilikuwa chakula cha wapagazi na wavuvi, kinaliwa kwa mkono, kinauzwa barabarani. Leo ufundi wa waokaji wake uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, tangu 2017, lakini asili yake ni njaa ya mtu mwenye haraka. Uganda mtu mwenye haraka ana rolex: chapati moja, mayai mawili, kabichi na nyanya, imeviringishwa, imeisha. Akipungukiwa anachukua kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage. Anayetaka kuuza pizza mtaani lazima ashindane na hao wawili, kwa bei na kwa dakika. Kololo hawashindani nao.

Nikapanda taksi kwenda Jinja. Hapo ni kilomita 80, na kabla ya msitu wa Mabira gari husimama Namawojjolo, ambako vijana wenye makoti ya rangi huzingira madirisha na kuku wa kijiti. Jinja ilipandishwa kuwa jiji Julai 2020, pamoja na Gulu, Mbale, Masaka na nyingine, lakini Main Street bado ina mwendo wa mji mdogo: majumba ya Wahindi yenye veranda na mwaka wa ujenzi umechongwa juu ya paa, wenyewe wakafukuzwa na Amin mwaka 1972. Chini kidogo ni Nile, daraja jipya la nyaya la 2018, na lile bwawa la umeme la Nalubaale la 1954, ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls. Nililitazama kwa jicho la mteja mwenye malalamiko.

Watalii wanaokuja kupanda maboti kwenye maporomoko ndio waliowapa Jinja pizza, na pamoja nao ikaja mikahawa inayosema faida yake inaenda kwa jamii. Nilikaa kwenye mmoja wa namna hiyo, jina nitaliacha. Ukutani picha za watoto, kila moja na maelezo yake. Kwenye menyu, aya ndefu kuhusu wanawake wanaoinuliwa. Dada aliyenihudumia, alipoona naongea Kiswahili, aliinama kama anafuta meza akaniambia mshahara wa miezi miwili bado. Alikuwa amezaliwa Walukuba, ule mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na Kiswahili alikipata kwa babu yake aliyetoka Kenya kufanya kazi ya nguo. Pizza yenyewe ilikuwa na jibini iliyopoa na nyanya ya kopo. Nyanya ya kopo, Jinja, ambako sokoni nyanya zinaoza kwa wingi wake!

Tangu hapo nikawa na maswali ninayouliza kila jikoni kabla ya kuagiza, na wapishi wengi walifurahi kuulizwa. Nyanya mnanunua kwa nani? Jibini? Anayeshika koleo la tanuri alijifunzia wapi, na analipwa lini? Mkahawa usiojibu la kwanza huwa haujibu na la mwisho. Haimaanishi wenye mabango wote ni waongo. Wenye mikahawa ya Endiro, walioanza Kisementi Kampala mwaka 2011 wakisema wazi kwamba biashara yao ni kwa ajili ya watoto walio katika mazingira magumu, wanaweza kukutajia kahawa inatoka kwa wakulima wa Bukalasi, Bududa, kwenye mteremko wa Elgon ambako maporomoko ya udongo ya 2010 yaliua mamia ya watu. Unaweza kuupinga uandishi wao wa menyu, lakini mlima upo na wakulima wapo.

Palepale Walukuba, jioni, yule dada alinipeleka kwa vijana waliowahi kufanya kazi hotelini wakaamua kujitegemea. Tanuri lao ni pipa la mafuta lililolazwa na kukandikwa udongo. Wanaweka dagaa, mukene wa Masese, mahali pa wale samaki wa chumvi wa Kiitaliano. Dagaa wanakaangwa kwanza mpaka wakauke, wanamwagwa juu dakika ya mwisho na ndimu. Mtu wa ziwani utaelewa. Nilitoa senene wangu waliobaki, tukajaribu nao, na sioni kwa nini jambo hilo lisifanyike kila Novemba kuanzia Masaka mpaka Bukoba. Hawashikani na jibini nyingi, lakini kwa kitunguu na pilipili wanakaa sawa.

Ndio walionielekeza Nsambya. "Nenda kwa Wakongo," kijana alisema, "hao ndio wanajua moto."

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi yoyote Afrika, na sheria yake ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Ndiyo maana Nsambya na Katwe unaweza kupita mtaa mzima ukisikia Kiswahili cha Goma na Bukavu. Kampala ya watu wazima bado kuna anayekisikia Kiswahili akamkumbuka askari wa kizuizi cha barabarani, pamoja na kwamba katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Nsambya hakuna shida hiyo. Nilikaribishwa kwa "papa" kabla sijasema natoka wapi.

Mwenye tanuri ni mzee wa makamo aliyekuwa mwokaji Goma. Ua wake una paa la bati, mabenchi manne, na kuba la matofali lililopakwa udongo. Moto unawashwa kabla ya jua kuzama, kuni za mkaratusi na matawi ya mibuni iliyozeeka. Kwanza ndani panakuwa peusi kwa masizi. Baada ya muda masizi yenyewe yanateketea na kuba linageuka jeupe, kuanzia katikati kushuka pembeni. Hapo ndipo anasogeza makaa kando, anafagia sakafu kwa tambara bichi, anarusha unga kidogo. Ukiwa mweusi papo hapo anasubiri. Ukipiga kahawia taratibu, anaingiza.

"Papa, uyu moto iko mukali, ngoja kidogo," aliniambia nilipomsogezea sahani. "Chini itaungua, juu itabakia mubichi."

Pizza yake inauzwa kwa kipande, 3,000, bei ya rolex nzuri. Nyanya zinasagwa asubuhi hiyo na jirani yake Mganda mwenye genge. Jibini inatoka upande wa Mbarara, nchi ya maziwa, na anaiweka kidogo kwa sababu ndiyo inayokula faida yote. Palipopungua anajaza kitunguu, bilinganya na pilipili hoho. Bodaboda hawashuki hata kwenye pikipiki. Wanapewa kipande kwenye karatasi, wanalipa kwa simu, wanaondoka. Huyo ndiye mtu mwenye haraka niliyemkosa Kololo.

Lakini kilichonifanya nirudi kwake tena ni saa zinazofuata. Pizza zikiisha, moto umeshuka, na matofali bado yana joto la kuoka mikate. Hapo geti linafunguliwa. Wanakuja akina mama na makopo ya mikate yenye alama za rangi, wengine na keki ya oda, mmoja siku hiyo alileta mhogo wa kuchoma.

"Ba mama banaletaka mikate yabo, banalipa kidogo tu," mzee alisema. Asiye na kitu analeta kuni. Mama mmoja wa Kiganda ameanzisha biashara ya skonzi kwa joto la jirani, hana oveni wala hafikirii kununua. Usiku wa manane, joto likiwa la kukausha tu, zinaingia sinia za karanga mpaka asubuhi. Mzigo mmoja wa kuni unalisha mtaa mara tatu, na hakuna aliyeandika popote kwamba hapo kuna mradi wa jamii.

Vijana wawili wanajifunza kwake. Mmoja ni Mkongo, mwingine wa hapo hapo Makindye. Analipa kila Jumamosi, na nilikuwepo Jumamosi moja, nikaona wakigombania chenji. Hesabu yake ameichora kwa chaki nyuma ya mlango: vipande, mikate ya watu, kuni. Msimu wa mvua kuni mbichi zinamla faida. Wateja wa mtandaoni walimkimbia Jumia Food ilipofungwa mwishoni mwa 2023, akaona heri, maana pizza ya kipande haivumilii safari ya foleni.

Nilimuuliza waziwazi kama anaweza kuja Bukoba atujengee. Alicheka. Karatasi zake za ukimbizi haziruhusu kukurupuka tu kuvuka Mutukula, na tanuri haliachwi wiki mbili na vijana. Akachukua chaki yangu ya kuandikia magunia, akachora sakafuni. Upana wa ndani mita moja. Kuba likiwa na kimo cha sentimita 50, mlango usizidi 32, ukizidi joto linatoka, ukipungua moshi unagoma. Chini ya sakafu, chupa zilizovunjwa na chumvi ili joto lisizame ardhini. Udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa. Matofali yasiwe ya saruji kamwe, yatapasuka. Na moto wa kwanza uwe mdogo, siku kadhaa, kabla ya kuoka chochote.

Nilipiga picha ule mchoro nikautuma kwenye kundi la ushirika nikiwa bado nimechuchumaa. Mweka hazina alijibu kabla ya wote: chupa tunazo bure, kichuguu kipo kwa mama mkwe wake Kemondo, ila matofali ya kuchoma yamepanda, na nani atalipia mkaratusi.

Mzee akaomba nimsomee. Akafikiri, akasema niwaambie waanze na nusu mita, waoke mikate ya jirani kwanza, pizza watajua wenyewe.