Nyanya ameliona jina langu

Jamani, leo nimeshika kitabu chenye hadithi yangu! Kurasa 9 tu, katikati ya mkusanyiko wa waandishi kumi na kitu, lakini ni zangu.

Ilikataliwa mara 3. Mhariri mmoja aliniambia Kiswahili changu kimezidi kuwa cha pwani. Nikanyamaza, na neno sikubadilisha.

Kwenye feri ya Likoni nilikikumbatia kama mtoto mchanga. Hata kukifungua niliogopa, na upepo ule.

Nyumbani nikamkuta nyanya yuko kwenye karai, anakaanga viazi vya jioni. Ndiye aliyenifunza kazi hii ya hadithi. Stima ikipotea tu, "Paukwa!" Nasi, "Pakawa!" Hadithi ni ile ile, ila mwisho aliugeuza kila usiku (ukimuuliza, anakana).

Hajui kusoma.

"Jina lako liko wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha. Akalipitishia kidole polepole, herufi baada ya herufi, kama anayepapasa uso wa mtu.

Kikabaki kidoa cha mafuta, cha manjano, juu ya jina langu.

Nakala nyingine ninazo. Hii siuzi, msiniulize bei.

Nanyi je, nani aliwaambukiza hadithi? Nitajieni hapa chini.