Crovie, kijiji cha toroli

Mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia vichochoro vya kupishana na punda, kwa hiyo mahali pasipopita gari hapanishangazi. Crovie, kaskazini mashariki mwa Uskoti, kilichonishangaza ni kukosa punda.

Gari tuliliacha juu ya jabali, tukateremka kwa miguu. Chini kuna safu moja tu ya nyumba, mlima mgongoni, na kijia chembamba mbele. Ukiteleza, umo majini. Mizigo ni kwa toroli, kuanzia mkate hadi godoro.

Nyumba nyingi zimeipa bahari ubavu. Nikadhani ni uchache wa kiwanja, mpaka upepo ulipovuma. Kwetu nyumba huutafuta upepo. Hapa inaukinga kwa bega, na hata hivyo haikutosha: tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ilibomoa baadhi ya nyumba, ikala na kijia, na wavuvi wengi wakahama na watu wao. Leo nyingi ni nyumba za likizo.

Kabla ya kuyajua hayo nilikuwa nausifu ukimya. Baadaye ukaanza kunikaa vibaya. Mlango umefungwa, na wa pili, na wa tatu. Kamba za nguo tupu. Hakuna mtoto anayelia wala harufu ya samaki motoni. Ilikuwa Juni, saa tatu usiku na bado kweupe (Isha ya huku ina mambo yake, tuyaache), nami niko peke yangu na shakwe.

Ndipo akatokea mzee na toroli lake. "Foos yer doos?" akaniuliza. Lahaja ya huku hiyo, Aberdeen nimeizoea: njiwa wako hawajambo? Nikamjibu inavyopasa, "Aye peckin", wanadonoa tu. Mzee akatua toroli akacheka mpaka akakohoa. Basi tukasalimiana salamu za kwetu hasa, zile zisizo na haraka: habari za upepo, habari za bahari, habari za waliohama.

Nikamwambia kwetu mzigo kama ule angebebeshwa punda. Akakitazama kijia kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Angefaa," akasema. "Lakini ikifika Januari, atalishwa na nani?"