Mpira wa juu

Jana asubuhi mwanangu alinikuta nimeinamia injini, naminya mpira wa juu wa rejeta, ule unaoleta maji ya moto ya injini kwenda kupozwa, kabla sijawasha.

"Baba, unalipima homa?"

Nikacheka, nikamwambia ndiyo. Sikumweleza kwamba homa hii hupimwa gari likiwa limelala usiku kucha, baridi kabisa, wala kwamba tabia yenyewe niliachiwa na gari langu la zamani, dizeli ya kijivu.

Hedi, yaani kichwa cha injini, ya alumini juu ya bloki ya chuma, na nozeli pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, ya kizamani isiyojua kompyuta ni nini. Ilikuwa inachemsha maji mlimani tu. Kwenye tambarare mshale wa joto unatulia chini kidogo ya nusu. Panda na mzigo kwa dakika kumi, unaanza kunyanyuka. Ukiiacha iungurume imesimama hata nusu saa, haifanyi kitu. Dizeli isiyo na mzigo inapewa mafuta kiduchu na hewa tele, haina joto la kuchemshia maji. Anayesubiri ichemke ikiwa imesimama anachoma mafuta bure, na mimi niliyachoma.

Nilianza na vyepesi. Themostati, mlango unaofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: imegongwa nyuzi 82, ikaanza kufunguka papo hapo, kufika 95 ikawa wazi yote. Nzima. Kuna waliosema niitoe kabisa nitembee bila hiyo. Ile ilikuwa na sahani ya pili kwa chini, inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Feni nayo niliijaribu: zima injini ikiwa moto, zungusha kwa mkono. Ikizunguka kama pangaboi, klachi yake imekwisha. Yangu iligoma vizuri. Kifuniko cha rejeta nilibadilisha bila kukipima, maana mpira wake ulishapasuka.

Rejeta ndiyo iliyokuwa na kesi. Kwa kipimajoto cha mwanga niliona milia ya baridi katikati, karibu theluthi ya mirija imeziba. Ikatolewa, ikazibuliwa, ikarudi. Nikajaza maji upesi upesi, nikafunga, nikajipongeza.

Siku ya nne, mlimani, mshale ukapanda hadi kukaribia nyekundu, halafu ukaanguka wenyewe mpaka chini. Nikashangilia, nikakanyaga. Baada ya kilomita kama tatu nikasikia ile harufu tamu ya kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nikagusa tundu la hita: linatoa hewa baridi. Maji yalikuwa yameondoka, na kihisio cha joto kilikuwa kinaning'inia hewani. Kihisio kisichozungukwa na maji hakisomi joto la injini.

Nilisimama, nikaiacha ipoe zaidi ya saa nzima bila kugusa kifuniko. Hapo tu nilikuwa na akili.

Kesho yake alfajiri nilikuwa peke yangu na tochi. Mpira wa juu ulikuwa laini. Nikawasha, nikahesabu hadi arobaini, nikauminya: mgumu kama fimbo. Maji bado ya baridi, hayajapata sababu ya kutanuka. Presha hiyo imetoka wapi?

Nikazima, nikafungua kifuniko taratibu, upepo ukatoka. Nikavua mkanda ili pampu ya maji isiyatikise, nikajaza hadi shingoni, nikaacha yatulie kama kioo. Nikawasha tena. Bila mkanda unayo dakika moja, mbili ukijitahidi, kwa sababu maji hayazunguki. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha povu moja, dogo kama kichwa cha pini, likapanda likapasuka. Likafuata jingine. Halafu yakaanza kuja kwa mpigo, sawasawa na mngurumo wa injini, na juu ya maji pakatanda utando mwembamba mweusi. Moshi wa silinda ulikuwa unapenya kwenye maji. Niliyatazama mapovu kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuijua.

Nikachukua spana ya 17 na kitambaa, nikalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza ili silinda yake ikose mafuta. Injini ikachechemea, mapovu vilevile. Nikakaza. Ya pili, vilevile. Ya tatu, yakapungua. Hayakukoma, kwa sababu hata bila moto silinda ya dizeli inagandamiza hewa mara ishirini na ushee, na hewa hiyo peke yake inatosha kupenya. (Usiguse nati hizo kwenye dizeli mpya za reli moja ya mafuta. Presha yake inachoma ngozi kama sindano.) Ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi nilishaitumia wiki moja kabla, ikabaki buluu. Dizeli isiyo na mzigo ina kaboni dioksidi kidogo kwenye moshi wake, na ndiyo dawa inayoitafuta, dawa haikuona kitu, nami nikaiamini.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Hedi ikatoka. Gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloki, nzima. Rula ya chuma ikaonyesha mpindo wa milimita 0.15, na kitabu cha injini ile kiliruhusu 0.2. Ila kati ya vali mbili za silinda ya tatu palikuwa na ufa mwembamba unaoshika ukucha.

Fundi mzee niliyemwita aliuinamia, akatazama masizi ndani yake. "Kijana, huu ufa ni wa zamani. Umeukuta."

Niliposhukuru, kijana wake aliyekuwa anaosha vyuma akasema bila kunyanyua kichwa, "Shikamoo mzee, lakini masizi hayahitaji mwaka. Kilomita tatu zinatosha. Upepo uliutoa ulipojaza maji?"

Sikuwa nimeutoa. Skrubu ya kutolea upepo sikuigusa hata kidogo. Kama ufa ulikuwepo, ndio uliosukuma maji nje siku ile ya mlimani. Kama haukuwepo, upepo nilioufungia mwenyewe ulichemsha hedi, nami nikamalizia kwa kukanyaga. Dalili zilezile, njia mbili. Mzee alinyamaza, akatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Hedi ile bado iko chini ya meza yangu ya kazi.

Leo asubuhi mwanangu ametangulia kwenye boneti. Ameminya, akatangaza hakuna homa. Nikawasha, nikahesabu hadi arobaini, nikauminya tena mwenyewe.