Alama ya Kutu

Bahasha ilikuwa kubwa, ya kaki, imefungwa kwa uzi wa katani. Nikafungua fundo, nikamimina vilivyomo mezani, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo mpaka leo halijarekebishika lote.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa miezi 3 kusaidia kuchambua barua na karatasi za mhariri wa fasihi aliyekuwa amefariki. Jina lake sitalitaja, wala la mwandishi ninayekaribia kumsimulia, na barua zao sitazinukuu. Karatasi ni mali ya hifadhi ya nyaraka, lakini maneno ya barua hubaki haki ya aliyeyaandika na warithi wake, hata kama barua ilishapokelewa zamani. Hilo lilikuwa somo la kwanza tulilopewa, pamoja na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haikuruhusiwa kuvuka mlango wa chumba kile.

Somo la pili lilikuwa hili: usipange kitu kabla hujatazama kilivyokuwa kimepangwa. Nililisikia, ila sikulielewa.

Nilichokiona mezani kilikuwa vurugu. Barua za waandishi zimechanganyika na nakala za kaboni, yaani nakala alizobaki nazo mhariri za barua alizotuma, zile za karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, ambazo ukiishika moja unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kulikuwa na ripoti za wahakiki, yaani watu wanaopewa mswada wausome na kumshauri mhariri autoe au aurudishe. Nikapanga barua kwa alfabeti. Ripoti, ambazo zilikuwa 11, nikaziweka fungu moja. Klipu nikazing'oa zote nikazitia kwenye kikombe, maana tulishaambiwa kuwa chuma kikipata unyevu hula karatasi. Meza ikapendeza. Nikaona nimefanya kazi.

Mama, ndivyo sote tulivyomwita mtunza nyaraka aliyetusimamia, akapita akasimama nyuma yangu. Hakupaza sauti. Aliichukua ripoti ya juu, akaisoma mpaka mwisho, akanipa.

"Hii inazungumzia kitabu gani, mwanangu?"

Nikaisoma. Mhakiki alisema "mswada huu", akasema "mwandishi huyu", akasema mengi. Hakutaja jina la mswada wala la mwandishi, na hakuweka sahihi wala tarehe. Nikachukua ya pili, hali ile ile. Ya tatu, vivyo hivyo. Nikahisi mikono inapoa.

Wahakiki wale hawakuwa na haja ya kutaja kitu. Mhariri alijua, kwa kuwa kila ripoti aliibana pamoja na barua za mswada wake. Klipu ndiyo iliyokuwa jina. Na klipu zote zilikuwa kwenye kikombe.

Mama akavuta kiti. Akaniambia kwamba Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, waliiweka kanuni hii kwenye mwongozo wao mwaka 1898: karatasi za mtu au ofisi ziachwe katika mpangilio aliouweka mwenyewe, kwa sababu mpangilio nao ni ushahidi. Nilimsikiliza nikiwa na donge kooni. Nilitamani anigombeze.

Badala yake akaivuta taa, akailaza karibu na meza, mwanga ukapita juu ya karatasi kwa ubavu.

"Tazama hapa."

Kwenye kona ya ripoti palikuwa na alama ya kahawia, pete mbili ndefu, moja ndani ya nyingine. Kutu ya klipu. Kwenye karatasi iliyogusana na chuma alama hiyo hukolea, kwenye inayofuata hupauka, na mbele zaidi hubaki kama doa la chai iliyofutwa. Kila klipu ilikuwa imekaa kwa namna yake: hii imeinama kushoto, ile iko karibu sana na ukingo, nyingine ilisogezwa ikaacha alama mara mbili. Siku 3 nzima nilikaa na kioo cha kukuzia nikioanisha kona kwa kona.

Fungu lililonishika zaidi lilikuwa na vitu vinne. Ripoti iliyoshauri mswada ukataliwe, kwa maneno makali. Barua ya kukataa. Kurasa 2 za penseli. Na nakala ya kaboni ya barua ya kukubali, yenye ombi kwamba sura za mwanzo ziandikwe upya.

Barua ya kukataa ilikuwa kwenye karatasi nzito yenye anwani ya ofisi, imetiwa sahihi kwa wino.

"Barua iliyotumwa huwa iko wapi?" Mama akauliza.

"Kwa aliyetumiwa."

"Na hii?"

Ilikuwa mkononi mwangu. Mhariri alikubaliana na mhakiki, akaipiga chapa barua, akaitia sahihi, kisha hakuituma. Kilichokuja baada ya hapo ni zile kurasa za penseli: namba za kurasa za mswada, na mbele ya kila namba neno moja au mawili, mengine yamefutwa na kuandikwa tena. Aliketi akausoma mwenyewe upya. Ndipo akaandika barua ya pili.

Msomaji anayefungua kitabu hawezi kuijua saa hiyo. Jalada lina jina la mwandishi, na ni haki yake. Lakini kazi ya mhariri hukaa kwenye barua tu, na barua zikitawanywa kazi hiyo inakufa. Mama alinitajia mhariri Maxwell Perkins wa Marekani: tunajua jinsi alivyomweleza mwandishi wa riwaya F. Scott Fitzgerald mwaka 1924 kwamba mhusika wake mkuu haonekani vizuri, kwa sababu barua za Scribner, kampuni ya uchapishaji aliyoifanyia kazi, zilihifadhiwa, na leo ziko Chuo Kikuu cha Princeton.

Ripoti 9 zilirudi kwa barua zake. Mbili hazikuwa na kutu. Huenda klipu zake zilikuwa mpya, au za plastiki, au hazikubanwa kabisa. Nilizigeuza chini ya taa mpaka macho yakauma. Mwishowe zikawekwa kwenye jalada la peke yake, na Mama akataka mimi mwenyewe niandike kwa penseli maelezo yatakayoingia kwenye orodha: kwamba ripoti hizi mbili hazijulikani ni za miswada ipi, na kwamba mpangilio wa bahasha hii ulivurugwa wakati wa kuchambuliwa.

Niliandika taratibu, herufi kwa herufi, naye akasubiri mpaka nikamaliza.