Shemeji na shupaza zake

Ijumaa ile tulicheza poka: kila mtu ana karata zake mbili, tano hufunuliwa mezani kwa wote, na karata tano bora ndizo hushinda. Nilishika tisa mbili, ya kopa na ya maua. Mgawaji akafunua mezani tisa ya shupaza, nne ya shupaza na mfalme wa uru. Tisa tatu! Mezani palikuwa na chipu 120, na tuliobaki ni wawili tu, mimi na shemeji yangu, mtu ambaye akishika shupaza mbili hazitupi hata umwombe.

Nikajifanya mjanja. Nikagonga meza, yaani nikapita bila kuweka chipu, kama mtu asiye na kitu, eti namtegea. Naye akagonga. Karata ya nne ikaja mbili ya uru. Nikaweka chipu 20, nikihofia nikiweka nyingi atakimbia. Akalipa bila hata kunitazama. Karata ya tano: jeki ya shupaza. Akasukuma 90, nikalipa huku tumbo likiniambia ukweli. Alikuwa na ree na saba, zote shupaza; pamoja na tatu za mezani ni shupaza tano, nazo huzishinda tisa tatu.

Watu walinipa pole kwa bahati mbaya. Bahati gani? Usiku nilikaa na daftari. Shupaza ni 13, yeye alikuwa anaziona nne, kwa hiyo zilibaki tisa katika karata 46 asizozijua: mara moja katika tano, hivi. Nami nilimwomba alipe 20 ili awanie 140. Kwa bei hiyo ilimtosha kushinda mara moja katika nane. Na ile karata ya nne nilimpa bure kabisa!

Ningeweka 80, angelipa 80 kuwania 200. Hapo lazima ashinde karibu mara 29 katika 100 ndipo asipate hasara, na hana mara hizo. Kilichonichelewa kuingia kichwani ni kwamba sikutakiwa kumfukuza. Nilitakiwa kumtoza. Shemeji akilipa bei hiyo, mimi natabasamu moyoni, hata kama dakika moja baadaye shupaza inatua.

Tena si zote tisa zilikuwa zake. Mfalme wa shupaza au mbili ya shupaza ingetengeneza jozi mezani, nami ningekuwa na tisa tatu juu ya jozi, yaani fulu hausi, na shupaza zake zote tano zingekuwa pambo. Ukiziona karata za pande zote mbili, zilizomwokoa ni saba katika 44.

Kwa hesabu za haraka pale mezani nazidisha karata zinazomfaa kwa mbili ikibaki karata moja, kwa nne zikibaki mbili, napata asilimia ya nafasi yake. Tisa mara nne ni 36. Hesabu kamili ni 35. Inatosha.

Ila jozi ya ree mkononi isikulevye. Meza ikiwa na tisa na nane za shupaza na mbili ya kopa, halafu mwenzako ana jeki na kumi za shupaza, anasubiri shupaza yoyote, au saba yoyote au malkia yeyote wa kumkamilishia karata tano za kufuatana: karata 15, bila kuhesabu moja mara mbili. Zikiwa zimebaki mbili za kufunuliwa, yeye ndiye anayeshinda zaidi ya nusu ya mara. Hapo anayemkimbiza mwenzake ni wewe.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na ree na jeki, na kati ya karata tatu za mezani vilevile kulikuwa na ree na jeki, na mbili kati ya hizo tatu zilikuwa shupaza. Safari hii niliweka 80 kwenye 120 papo hapo. Shemeji akahesabu kwa vidole chini ya meza, akalipa. Karata ya nne, shupaza. Nikagonga meza. Akasukuma chipu zake zote, kama 300.

Nilikaa kimya muda mrefu, kisha nikatupa.

"Shemeji, ulikuwa na nini?"

"Na wewe?"

Akazichanganya karata zake na zile zilizotupwa, akaomba maji.